Gede hadi Takwa kwa pikipiki: shajara ya njia ya visima

Malindi, maandalizi

Mradi wenyewe ni huu: kuiandika njia ya pikipiki inayoanzia magofu ya Gede na kuishia magofu ya Takwa, kisiwani Manda, ili kijana wa bodaboda wa hapa Malindi akimpata mgeni mwenye siku mbili tatu za kuzunguka aweze kumpeleka na kumwambia la maana. Wageni wetu wengi huzungushwa kwenye kuta, wakapigwa picha, wakarudishwa hotelini. Mimi nimeamua kila kituo nianze na maji. Ukishajua watu wa mji fulani walikunywa nini, waliyateka wapi, na yaliwaishia vipi, zile kuta zinaanza kusomeka.

Pikipiki ni Boxer 150 ambayo imeshaona mengi. Fundi ameipitia yote: oili, plagi, kebo ya klachi, breki za nyuma. Alipofika kwenye mnyororo akaushika kwa vidole viwili, akautikisa, akaniangalia. "Kaka, huu Mokowe utakufikisha. Ukirudi tuonane." Nimefunga kwenye keria tyubu ya akiba, viraka na gundi, pampu ya mkono, spana, chupa ya oili na dumu la maji ya kunywa. Hilo dumu msilidharau. Kati ya Garsen na Witu kuna mahali utakaa muda mrefu bila kuona duka.

Gede

Kutoka Malindi ni safari fupi, kama kilomita 15 kwa barabara ya Mombasa, kisha unakata kushoto kwenye njia ya Watamu. Nimefika mapema kabla ya mabasi ya watalii. Pikipiki unaiacha langoni. Ukiwa na ndizi, ziache pia, maana kima wa Gede hawaombi, wanachukua.

Mji huu ulikuwa na ukuta wa nje na ukuta wa ndani, msikiti mkuu, jumba la mtawala, na nyumba za mawe zilizobanana. Mwingereza James Kirkman alianza kuuchimbua mwaka 1948 na akaendelea kwa takriban miaka kumi. Nyumba alizipa majina kwa vitu alivyovikuta ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Ushanga wa Venice, Nyumba ya Fedha za Kichina. Utaratibu huu unanifurahisha kuliko ule wa kuzipa namba. Mgeni ukimwambia "hapa palipatikana mkasi", anasimama kidogo, anamfikiria mtu aliyekuwa akikata kitambaa.

Kuna kaburi lenye tarehe. Chokaa yake imechongwa mwaka wa Hijria 802, yaani 1399. Mahesabu ya umri wa nyumba nyingine nyingi yameegemea hapo. Isogelee asubuhi, jua likiwa la ubavuni, ndipo michongo inapotoka. Saa sita mchana utaona ukuta mweupe tu.

Lakini nilikuja kwa visima, navyo vipo vingi. Kando ya msikiti mkuu kuna kisima, na karibu nacho mfereji mwembamba uliosakafiwa kwa chokaa, uliokuwa ukiyapeleka maji kwenye birika la kutawadhia. Mtu akivuta ndoo, akimimina kwenye mfereji, mwenzake upande wa pili anaosha miguu. Nimechuchumaa hapo muda mrefu nikiufuata mfereji kwa kidole. Mteremko wake ni mdogo mno, kiasi kwamba kwa macho huuoni, lakini fundi aliyeupiga chokaa alijua maji yatakwenda upande gani. Nimechungulia kisimani: majani makavu, basi.

Kisima hicho wachimbuzi waliona kilikuwa kimechimbwa tena kwenda chini zaidi. Maji yalikuwa yakishuka, na watu wakiyafuata. Gede ilihamwa mwanzoni mwa karne ya 17, na sababu zinazotajwa ni kadhaa: mashambulizi kutoka bara, biashara kuhamia kwingine, na maji haya yaliyozama. Sina haja ya kuchagua moja. Ila vita huja na kupita, na mtu anaweza kurudi kwake vikiisha, wakati kisima kikikauka hakuna wa kufanya naye suluhu.

Jambo jingine la kumweleza mgeni: Wareno walikaa Malindi karibu karne nzima, mwendo mfupi tu kutoka hapa, na hawakuutaja mji huu katika maandishi yao. Mwaka 2024 UNESCO iliiingiza Gede kwenye orodha ya urithi wa dunia. Mizizi ya mikuyu inayozikumbatia kuta inapendeza kwenye picha, na ni hiyo hiyo inayozipasua.

Malindi mjini, nguzo za aina mbili

Nimerudi mjini kuandika kituo cha pili. Kila mgeni anauliza nguzo ya Vasco da Gama, kwa hiyo haiepukiki. Iko kwenye rasi, koni nyeupe ya matumbawe na juu yake msalaba wa jiwe lililoletwa kutoka Ureno. Upepo ni mzuri, bahari iko pande tatu, na baada ya dakika kumi umemaliza. Mimi naona ndicho kituo kinachopigwa picha zaidi na kinachosema machache zaidi, mpaka umwongezee mgeni habari ya upepo.

Habari yenyewe: Vasco alifika hapa katikati ya Aprili 1498. Mombasa hakupatana nao. Mfalme wa Malindi, aliyekuwa na ushindani wake na Mombasa, akampokea na kumpa rubani wa kumvusha hadi India. Wengi humtaja Ahmad ibn Majid kuwa ndiye rubani huyo, lakini wataalamu wa siku hizi wengi hawakubali. Alitweka tarehe 24 Aprili, kusi, upepo wa kusini, ikianza kuamka, na haikutimia mwezi mmoja akawa pwani ya Calicut, India. Kurudi hakusubiri kaskazi, upepo wa kaskazini, itulie. Safari ile ile ikamla karibu miezi mitatu, kiseyeye kikawamaliza mabaharia wake, na alipoiona tena Malindi Januari 1499 jambo la kwanza alilotuma kuombwa nchi kavu lilikuwa machungwa kwa wagonjwa. Ndipo alipoomba pia ruhusa ya kusimamisha nguzo ya urafiki. Nahodha yeyote wa jahazi hapa Malindi angemwambia bure, bila nguzo, mwezi gani wa kuondoka India.

Njiani kurudi kuna kanisa dogo la Wareno, paa la makuti, ambalo Francis Xavier alipitia mwaka 1542 akielekea Goa. Lipitie, halichukui muda.

Nguzo za aina ya pili ziko karibu na msikiti wa Ijumaa, mbele ya bahari: makaburi ya nguzo ya wenyeji. Mgeni aliyetoka kuiona nguzo ya Vasco mlete hapa moja kwa moja, azione zote mbili siku moja. Watu wa pwani hii walikuwa wakisimamisha nguzo za mawe juu ya wakubwa wao kabla meli ya Mreno yoyote haijaonekana. Nimeweka alama kwenye ramani: kutoka rasi hadi hapa ni mwendo wa kufumba na kufumbua kwa pikipiki, na maegesho ni shida siku ya Ijumaa. Epuka saa za swala.

Mambrui

Daraja la Sabaki limevukwa asubuhi. Mto umejaa udongo mwekundu wa bara, na ndio unaoipaka bahari ya Malindi rangi ya chai nyakati za mvua. Mambrui iko mbele kidogo, upande wa bahari, mchanga mzito kwenye njia ya ndani. Shusha gia, usikamate breki ya mbele, acha pikipiki ijitafutie njia.

Kuna kaburi la nguzo hapa lililopambwa kwa vibakuli vya kaure ya Kichina vilivyopandikizwa kwenye chokaa. Wachimbuzi wa China na Kenya waliokuja kuanzia mwaka 2010 walipata karibu na hapa sarafu ya enzi ya Yongle, mfalme wa China aliyetawala 1402 hadi 1424. Na inajulikana kwamba mwaka 1415 Malindi ilipeleka twiga China kama zawadi. Nimemsimulia kijana mmoja aliyekuwa amekaa juu ya pikipiki yake kivulini. Akafikiri kidogo, akauliza, "Sasa huyo twiga njiani alikuwa anakunywa maji ya nani?" Swali lake nimeliandika kwenye daftari vilevile lilivyo. Meli ya miezi na miezi, mnyama mwenye shingo ile, na mapipa ya maji yanayotakiwa kuwatosha yeye na mabaharia.

Barabara: Gongoni, Garsen, Witu

Sehemu hii ni ya kuendesha kuliko ya kutazama. Gongoni na Marereni ni mashamba ya chumvi, vilima vyeupe kando ya barabara, malori, na upepo wa ubavuni unaokusukuma pembeni lori likishakupita. Ile chumvi ya hewani inakula mnyororo. Nilisimama Marereni kuupaka oili na tayari ulikuwa na wekundu.

Jaza tangi Malindi, jaza tena Garsen. Pale Minjila unaingia mkono wa kulia kuelekea Lamu, na kwenye njia hiyo unauvuka Tana, mto mrefu kuliko yote nchini. Barabara hii zamani ilikuwa habari ya matope na kukwama. Sasa ina lami hadi Mokowe, ingawa mvua kubwa za mwishoni mwa 2023 ziliikata. Vizuizi vya polisi ni vingi, na kuna nyakati magari yamelazimika kwenda kwa msafara wa ulinzi. Kitambulisho kiwe mfuko wa shati, helmeti uvue unapokaribia, usalimie kwanza. Na usiku usipite. Nimeliandika hilo kwa herufi kubwa kwenye rasimu ya njia, halina mjadala.

Ungwana nimeiruka safari hii. Magofu yake yako upande wa Kipini, ambako Tana inaingia baharini na ambako simulizi zinamweka Fumo Liyongo, lakini njia ilikuwa tope. Itasubiri kiangazi.

Witu

Mgeni akifika Witu atauliza yako wapi magofu, na utamjibu hakuna ya kutosha. Simamisha pikipiki hata hivyo. Ahmed, aliyeitwa Simba, wa ukoo wa Nabhani uliotawala kisiwa cha Pate, alihamia huku bara akiwakimbia watu wa Sultani wa Zanzibar, akajenga mji msituni na kuwapokea watu wa kila namna, wakiwemo watumwa waliotoroka. Mwaka 1885 Wajerumani wakaufanya eneo la ulinzi wao. Miaka mitano baadaye, Julai 1890, wakasaini mkataba na Waingereza wakawaachia Witu pamoja na madai mengine ya Afrika Mashariki, wao wakapata kisiwa cha Heligoland kule kwao. Wenye Witu hawakuulizwa. Wajerumani kadhaa wakauawa mwaka huo huo, na Oktoba jeshi la majini la Waingereza likaja likauchoma mji. Fumo Bakari ndiye aliyekuwa sultani.

Yaani mji wenye bendera yake na stempu zake, leo unapita na kununua maembe. Nami nikanunua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Watoka wapi?"

"Malindi. Naenda Takwa."

"Takwa! Kuna nini Takwa? Mawe tu."

"Naandika habari za visima, bibi."

Akaniongeza embe moja juu ya hesabu. "Kisima, mjukuu wangu, ufuate chenye maji."

Mokowe na Lamu

Boxer imelala Mokowe, kwa mlinzi karibu na gati, imefunikwa turubai. Pikipiki zimeshaingia kisiwani, lakini vichochoro vya mji wa kale si vya magurudumu. Kwa mgeni anayefuata njia hii nashauri akanyage kwa miguu na awapishe punda, ambao hawapishi mtu.

Mji wa Lamu uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, na ukitaka vituo utavipata kila kona: ngome iliyokamilika miaka ya 1820 na iliyokuwa gereza mpaka 1984, msikiti wa Pwani wenye kibla cha mwaka 1370, msikiti wa Riyadha wa Habib Swaleh ambao Maulidi yake huujaza mji. Nimeviandika vyote kwa ufupi. Kituo changu kirefu cha Lamu ni choo.

Kwenye nyumba ya Kiswahili iliyogeuzwa makumbusho, baada ya daka la mlangoni, kiwanda, yaani ua wa ndani, na ukuta wa zidaka, vishubaka vya kuwekea vitu, unafika bafuni, na kwenye pembe kuna birika la maji lililojengwa kwa mawe na chokaa. Chungulia chini. Katikati ya sakafu ya birika kumepachikwa bakuli la kaure. Ndani ya birika walifugwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Maji yakitumika mpaka karibu kuisha, yale ya mwisho hubaki kwenye bakuli, na samaki hukimbilia hapo wakangoja birika lijazwe tena. Kaure ile ile ya China iliyopambwa juu ya kaburi la Mambrui, na iliyochimbuliwa vipande vipande Gede, hapa imepewa kazi. Mwenye nyumba angeweza kuiweka kwenye zidaka wageni waione. Labda alikuwa nazo za zidakani pia, sawa, lakini hii ya birikani ndiyo ningependa bodaboda wangu amwonyeshe mgeni wake, tena amwache ainame mwenyewe.

Maji ya Lamu yanatoka wapi? Nimemuuliza mzee mmoja wa Shela, kijiji cha kisiwa hiki hiki, aliyekuwa amekaa barazani.

"Ndoo, mwanangu, ukae," akanikaribisha kwa Kiamu, yaani njoo. Akanyoosha bakora kuelekea vilima vya mchanga nyuma ya mji. "Ndio haya. Mai yetu yamo mchangani."

Na ndivyo ilivyo. Mvua ikinyesha kwenye vilima vya Shela haitiririki, inazama. Chini kabisa maji ya bahari yamepenya, lakini maji ya mvua ni mepesi, hukaa juu ya yale ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi. Ukiteka kwa kiasi, unapata matamu. Ukivuta kwa pupa, au ukajenga juu ya vilima mvua ikakosa pa kuzama, ya chumvi yanapanda. Ndiyo maana watu wa Shela wanakuwa wakali wakisikia habari za viwanja kwenye ule mchanga. Hawatetei mandhari.

Takwa

Takwa haiendeki kwa saa unayotaka wewe. Kijito kinachoingia katikati ya mikoko ya Manda kinahitaji maji yaliyojaa, na ukichelewa ndani mashua inakaa matopeni na wewe unakaa nayo. Nahodha alinipa saa ya kuondoka na saa ya kurudi, na ile ya pili akairudia.

Mji wenyewe ni mdogo, ndani ya ukuta, na mibuyu imeota katikati ya nyumba. Msikiti mkuu una nguzo juu ya ukuta wa kibla, jambo ambalo sikuliona kwingine kokote kwenye njia hii. Nje ya ukuta liko kaburi la nguzo lenye maandishi ya mwaka wa Hijria 1094, sawa na 1683. Haukupita muda mrefu mji ukahamwa. Watu wakavuka mlango wa bahari, wakatua Shela, ng'ambo tu, ambako ukiwa Manda unaweza kuona vilima vyake. Maji ya Takwa yaligeuka chumvi, ndivyo wanavyosimulia wenyewe.

Watu wa Shela hawajalisahau lile kaburi. Mara mbili kwa mwaka huvuka kuja kulizuru na kuomba mvua. Nimeuliza kwa nini hapa, wakati misikiti imejaa Shela. Nahodha akanitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini watu husalimia wazee wao.

Hali ya mradi

Sehemu ya barabara imekamilika, Gede hadi Mokowe, pamoja na mahali pa mafuta, pa fundi wa pancha na pa kulala. Maelezo ya Malindi mjini nitayapunguza, nimemsema Vasco kuliko anavyostahili. Ramani ya Mambrui inahitaji kuchorwa upya kwa sababu ya njia za mchangani. Mnyororo umelegea tena, na sproketi ya nyuma meno yameanza kulala. Fundi alisema kweli.

Imebaki Pate: Siyu na ngome yake, na Shanga, ambako Mark Horton alichimbua katika miaka ya 1980 akakuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, wa chini kabisa ukiwa wa karne ya 8. Mashua inapita Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, nao hauruhusu mtu kupita maji yakipwa. Jeshi la Pate na Mombasa lilijifunza habari za kupwa hapo Shela, kama mwaka 1812 au 1813: liliposhindwa na kukimbilia vyombo vyake likavikuta vimekaa juu ya mchanga. Nahodha ameshanipa jibu kuhusu Pate. Tungoje bamvua, maji yanapojaa sana, na nifike gatini kabla yake yeye.